Jina la Tatu: Kuwafuata Wangoni kwa Majina ya Koo Zao

Katika sehemu kubwa ya Tanzania, jina la tatu la mtu ni la babu yake. Vizazi vikisogea, babu naye hubadilika na jina hubadilika pamoja naye, hata ndugu wa damu moja wakaja kuitana kwa majina yasiyofanana. Mkoa wa Ruvuma una desturi nyingine. Huko jina la tatu ni la ukoo, na halihami. Mtoto aliyezaliwa jana hospitalini Songea anaandikishwa kwa jina lilelile alilokuwa nalo mpiga mkuki wa karne ya kumi na tisa: Gama, Mbano, Tawete, Soko, Moyo, Nyoni, Ngonyani, Komba.

Majina hayo ndiyo yaliyonipeleka kusini. Nilitaka kuyafuata yalikopita, kuanzia milima ya Lukumburu hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, niwaonyeshe wengine nchi ambayo historia yake imehifadhiwa katika daftari la mahudhurio la darasa la kwanza.

LUKUMBURU

Njombe ni baridi. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya chai na misitu ya misonobari, na watu husalimiana "kamwene" wakiwa wamejifunika mablanketi. Ukiiacha Njombe na kushika njia ya kusini, nchi inaanza kubadilika taratibu, kisha ghafla. Barabara inaingia katika milima ya Lukumburu na kujipinda kona baada ya kona, bonde likiwa upande mmoja na jabali upande wa pili. Hewa inapata joto. Misonobari inakwisha, miombo inaanza: miti mirefu yenye majani mepesi, ambayo mwishoni mwa kiangazi huchipua mekundu kabla ya kuwa ya kijani. Huku chini ni Madaba, na kuanzia hapo msafiri yumo Ruvuma.

Ndani ya basi mabadiliko yanasikika hata kabla ya kuonekana. Huko nyuma abiria walikuwa "mama", "kaka" na "mzee". Baada ya Madaba, kondakta na wenyeji waliojuana wakaanza kuitana kwa koo. "Ngonyani, mzigo wako upo?" "Haule, unashuka Gumbiro?" Mama aliyekaa jirani na dirisha, akiwa na ndoo ya maharage miguuni, alimuuliza kijana mmoja jina, na kijana alipolitaja halikumtosheleza. Akamuuliza tena: "Ni wa akina nani, mwanangu?" Kijana akataja ukoo, na maongezi yakashika kasi. Walitafutana kupitia vijiji, shangazi na misiba mpaka wakapata mahali pa kukutania.

Swali hilo lina miaka mingi. Wangoni wenyewe walikuja nalo.

Karibu mwaka 1819, katika nchi ambayo leo ni KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, Zwide, mtawala wa Wandwandwe, alishindwa vita na Shaka wa Wazulu. Watu waliokuwa chini ya Zwide walitawanyika. Mmoja wa majemadari wake, Zwangendaba wa ukoo wa Jere, aliongoza kundi lake kuelekea kaskazini, akapita kusini mwa Msumbiji na kuingia nchi ya Warozvi na Wakaranga, ambayo leo ni Zimbabwe. Kundi hilo lilivuka mto Zambezi tarehe 20 Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa. Kupatwa huko kwa jua ndiko kulikowawezesha wanahistoria kuifahamu tarehe kamili ya tukio ambalo hakuna aliyeliandika. Wakaendelea hadi Ufipa, na huko, katikati ya miaka ya 1840, Zwangendaba akafariki.

Kifo chake kiliwagawa. Mpezeni alikwenda na watu wake kusini-magharibi, mpaka wakatua eneo la Chipata nchini Zambia. M'mbelwa aliongoza wengine hadi Mzimba, kaskazini mwa Malawi. Wengine walipanda kaskazini, wakajulikana huko Unyamwezi kwa jina la Watuta. Na kundi moja chini ya Zulu Gama na Mbonani Tawete liligeukia mashariki, likalizunguka Ziwa Nyasa na kuingia katika nchi hii ya miombo.

Walikuta Wangoni wengine wamewatangulia. Hao walikuwa watu wa ukoo wa Maseko, chini ya Mputa, waliokuja kwa njia yao upande wa mashariki wa ziwa. Kwa muda walikaa pamoja, kisha wakapigana. Katika miaka ya 1860 Mputa Maseko aliuawa, na watu wake wakarudi kusini ng'ambo ya Ruvuma hadi wakatulia karibu na Ntcheu, nchini Malawi, ambako watawala wa ukoo huo wapo mpaka leo. Songea ikabaki na falme mbili: Njelu upande wa kusini, chini ya akina Gama, na Mshope upande wa kaskazini. Barabara ya kutoka Madaba inakata katikati ya iliyokuwa nchi ya Mshope, na leo kinachoonekana humo ni mahindi, mahindi, na tena mahindi.

MAHENGE

Songea ni mji wa vilima. Upande wa mashariki imesimama milima ya Matogoro, yenye chemchemi ya mto Ruvuma. Mto huo unaoanza hapo kama kijito baadaye unakuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Mjini kuna kilima cha Chandamali na mapango yake, ambayo wenyeji huyahusisha na nduna (kiongozi wa chini ya mfalme) Songea Mbano. Mitaa nayo ina majina yanayopendeza kutamkwa: Lizaboni, Mfaranyaki, Bombambili, Matarawe, Misufini.

Bombambili kuna nyumba ya Rashidi Mfaume Kawawa, Waziri Mkuu wa zamani aliyefariki tarehe 31 Desemba 2009, ambayo sasa ni makumbusho. Kawawa ni jina jingine la Kingoni ambalo nchi nzima inalijua bila kujua lilikotoka.

Lakini anayefuata majina huanzia mtaa wa Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji.

Jumba lenyewe si kubwa. Lilifunguliwa mwaka 1980 na baadaye likaingizwa katika Makumbusho ya Taifa. Uani zimepangwa sanamu za mashujaa, na nyuma yake ni makaburi. Hapo ndipo tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliponyonga watu 67 kwa kushiriki Vita vya Majimaji. Walizikwa pamoja katika kaburi moja la halaiki. Miongoni mwao alikuwemo Mkomanile, mwanamke aliyekuwa mtawala wa Kitanda, katika wilaya ambayo sasa ni Namtumbo. Kwake ndiko alikofikia Kinjala, mjumbe aliyeleta dawa ya maji kwa Wangoni. Alikuwemo pia Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Njelu.

Orodha ya waliouawa inastahili kusomwa polepole, na kwa sauti. Gama linajirudia. Linafuata Tawete, kisha Komba, Soko, Magagura. Anayeijua mitaa ya Songea hawezi kuisoma bila kuona sura za watu anaowafahamu: mwalimu wake wa hesabu, fundi cherehani, muuguzi. Wajerumani walidhani wanaukata Ungoni kwa kukata vichwa vyake. Utawala wa Kingoni waliuvunja kweli. Chabruma wa Mshope alikimbilia Msumbiji na kuuawa huko, na njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala ikaua watu wengi kuliko risasi. Koo hazikuvunjika.

Hatua chache kutoka kaburi la halaiki lipo kaburi la peke yake. Ni la Songea Mbano, nduna mashuhuri wa Njelu, ambaye jina lake Wajerumani walikipa kituo chao cha kijeshi walipokijenga mwaka 1897, na kituo hicho kikawa mji. Songea lilikuwa jina lake yeye, Mbano ni la ukoo. Alinyongwa siku chache baada ya wenzake na kuzikwa peke yake. Simulizi ya ukoo wake, ambayo makumbusho yanaieleza hadharani, inasema alizikwa bila kichwa. Kichwa kilipelekwa Ujerumani.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapa. Alikutana na watu wa ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao, na kuahidi kwamba Ujerumani itasaidia kulitafuta fuvu la nduna huyo. Miaka 117 ilikuwa imepita. Rais wa taifa kubwa alipotaka kuomba radhi, alijua aende kwa nani, kwa sababu wapo watu ambao bado wanaitwa Mbano. Hakuna hati ya urithi iliyo wazi kuliko hiyo. Kama ukoo huo ungekuwa na desturi ya kubadili jina kila kizazi, leo kungekuwa na wajukuu wengi wa Songea na pasiwe na mmoja wa kusimama mbele na kusema: huyu ni wa kwetu.

Kwa kila niliyezungumza naye pale Mahenge, fuvu hilo ni jambo la msiba usiokwisha. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini alisema kwa sauti ya chini kwamba marehemu wa kwao bado yuko njiani. Nilimwambia pole, kama anavyoambiwa mfiwa yeyote, naye akaipokea kama mfiwa.

MAPOSENI NA PERAMIHO

Kesho yake njia ilikuwa ya magharibi. Kilomita chache baada ya mji, mashamba yanapanuka, na kila kibao cha kijiji kinavuta jina la zamani. Mbingamhalule inamkumbusha Nkosi Mharule Gama, aliyefariki mwaka 1889. Magagura ni kata na pia ni ukoo. Maposeni ilikuwa makao ya watawala wa Njelu, na bado ikitajwa mbele ya wazee wanakaa sawasawa.

Maposeni niliketishwa kwenye baraza la nyumba ya matofali, nikapewa ugali wa mahindi meupe, maharage, kisamvu kilichopikwa kwa karanga, na dagaa wa Nyasa waliokaangwa mpaka wakaalika. Mwenyeji wangu, babu aliyevuka miaka themanini, aliniuliza ukoo kabla ya kuniuliza nimefuata nini. Kisha akaeleza mambo ambayo vitabu vinayathibitisha, lakini ambayo kwake ni habari za nyumbani.

Wangoni waliofika Songea, alisema, hawakuwa wote watu wa kusini. Kila walikopita walichukua watu. Jeshi lilikua kwa kuteka. Kutoka kusini kabisa walikuja akina Gama, akina Jere, akina Tawete, akina Nkosi. Katika nchi ya Wakaranga waliongezeka akina Moyo na akina Soko. Walipofika hapa wakawakuta Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wanindi, nao wakaingizwa katika himaya. Hao wa mwisho waliitwa sutu. Wapo waliochukua jina la bwana aliyewateka. Wapo waliobaki na lao. Baada ya vizazi viwili wote wakawa Wangoni, lakini mwenye masikio, akisikia jina, anajua ukoo huo ulipandia kituo gani.

Ukiyafuatilia majina hayo kusini, maelezo ya mzee yanasimama imara. Gama ni jina la kawaida nchini Eswatini na Afrika Kusini hadi leo, na Nkosi na Maseko vilevile. Tawete msomaji wa Afrika Kusini atalitambua katika Thabethe. Nchini Zimbabwe Moyo na Soko ni miongoni mwa miko mikubwa ya Washona. Kila ukoo una mnyama au kiungo ambacho wenye ukoo hawali: mtu wa Moyo hali moyo wa mnyama, na Soko ni nyani. Hata Tembo, jina linalopatikana kwa Wangoni wa Malawi na Zambia, lina siri yake. Msikilizaji wa Kiswahili anawaza ndovu, lakini kwa Washona mwiko wa Tembo ni punda milia. Ukoo ulivuka mto na jina lake, na ng'ambo ya mto watu wakaliwekea mnyama mwingine.

Lugha haikuwa na bahati hiyo. Wanawake wengi waliozaa na wapiganaji walikuwa wenyeji wa nchi walizopita, na mtoto huzungumza lugha ya anayembeba. Kufikia mwanzo wa karne ya ishirini lugha ya kusini, jamaa ya Kizulu, ilikuwa imebaki kwa wazee wachache na katika maneno machache ya heshima kama nkosi na nduna. Kingoni kinachosikika Songea leo ni lugha nyingine, ndugu wa Kindendeule na Kimatengo. Deo Ngonyani, mwanaisimu ambaye jina lake lenyewe linamtaja kwao, ametumia miaka mingi kuieleza sarufi yake. Mzulu akisimama sokoni Songea hataelewa mazungumzo. Akianza kuuliza watu majina, atashangaa.

Mbele ya Maposeni, kwenye uwanda, mnara wa kanisa unaonekana kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo ni Peramiho. Padre Cassian Spiss, Mbenediktini, alianzisha misheni hapo mwaka 1898. Miaka saba baadaye, wakati wa Majimaji, ilichomwa moto, na Spiss mwenyewe, akiwa amekwisha kuwa askofu, aliuawa njiani akitoka pwani. Wamisionari walirudi wakajenga upya: monasteri ikawa abasia mwaka 1931, kanisa kubwa la matofali likakamilika mwaka 1948, zikaja hospitali, shule, karakana na kiwanda cha uchapaji.

Peramiho iliongeza kitu katika majina ya Songea. Wabenediktini waliotoka Ujerumani, Austria na Uswisi walibatiza kwa majina ya watakatifu waliowapenda kwao. Abasia hii iliongozwa kwa zaidi ya miaka ishirini na Mswisi, Abate-Askofu Gallus Steiger. Ndiyo maana mkoani Ruvuma utakutana na Gallus, Meinrad, Odilo, Placidus na Gaudens wengi. Katika kitambulisho kimoja jina la kwanza limetoka milima ya Alps, la tatu limetoka nchi ya Shaka, na la katikati ni la baba aliyelima mahindi Matimira. Mtu amebeba safari tatu mfukoni mwake, na anaziona kuwa jambo la kawaida kabisa.

Mmoja wa mapadre hao, Elzear Ebner, alikaa na wazee wa Kingoni, akasikiliza, akaandika koo na asili zake. Kitabu chake cha historia ya Wangoni, kilichochapwa na Wabenediktini mwaka 1987, ndicho ambacho wasomi hukirudia kila wanapoandika kuhusu Songea. Tunamshukuru. Lakini inauma kuwaza ni wazee wangapi, wenye kujua mengi, walikufa bila kupata mtu wa kuwasikiliza kwa uvumilivu huo.

MBINGA

Barabara ya Mbinga inapita Kigonsera, misheni kongwe ambako Rais wa zamani Benjamin Mkapa alisoma seminari akiwa kijana, kisha inapanda. Hapa nchi inafanya jambo la ajabu. Miinuko ambayo mgeni angesema haiwezi kulimwa imelimwa yote, kutoka bondeni hadi karibu na kilele, na ukiitazama kwa mbali imejaa vishimo vilivyopangwa safu kwa safu, kama sega la nyuki.

Hizo ni ngoro za Wamatengo. Nyasi hukatwa na kuachwa zikauke, kisha hupangwa chini katika miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi, kikabaki kishimo chenye kingo pande nne. Maharage hupandwa kwenye kingo hizo, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hukaa shimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizofunikwa huoza zikawa mbolea. Wanaume ndio wakataji wa nyasi, wanawake ndio wachimbaji, na mwanamke niliyemkuta akichimba huko Litembo alinionyesha kwa jembe kwamba mraba mmoja hauchukui muda mrefu kwa anayejua. Nilipojaribu kupima kwa macho miraba iliyokuwa upande wa pili wa bonde, niliacha kuhesabu.

Wamatengo walibanana milimani kwa sababu ya Wangoni. Uvamizi wa karne ya kumi na tisa uliwafanya waache nyanda na kupanda juu, wakijificha katika mapango ya Litembo, na ardhi kidogo yenye watu wengi ikadai kilimo cha akili. Baadaye ikaja kahawa, inayostawi juu ya mita 1,300, na leo Mbinga inanukia maua yake meupe msimu ukifika.

Kwa majina, Mbinga ni nchi ya akina Ndunguru, Kapinga, Nchimbi, Hyera, Mbunda, Kinunda, Nombo. Na Komba. Hapo ndipo anayedhani jina la ukoo linamtaja mtu kabila lake anapokwama. Tulimwona Komba kwenye orodha ya waliouawa pale Mahenge. Hapa Komba ni Mmatengo. Na huko ziwani Komba ni mtu wa Nyasa. James Komba alikuwa askofu mkuu wa kwanza wa Songea. Kapteni John Komba, mwimbaji wa Tanzania One Theatre na mbunge aliyefariki Februari 2015, alikuwa mtu wa Lituhi, kando ya ziwa. Mtu akijitambulisha Komba mbele ya wenyeji, swali linalofuata ni "Komba wa wapi?", na jibu lake ni kijiji, si kabila. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika majina ya Ruvuma: watu waliowindana miaka mia moja na hamsini iliyopita leo hawawezi kutenganishwa kwa kutazama orodha ya wanafunzi.

Ruvuma haiko peke yake kwa majina yanayojirudia. Kisiwa cha Malta, katikati ya Bahari ya Kati, nacho kina majina machache yanayorudi kila mtaa: Borg, Camilleri, Vella, Farrugia, Zammit. Lakini huko mambo yalikwenda kinyume na Songea. Wamalta walibaki na lugha yenye mizizi ya Kiarabu, huku majina yao mengi yakija na wageni kutoka Sicilia na Italia. Camilleri ni jina la Kisicilia waziwazi. Wangoni walibaki na majina, lugha ikaondoka. Katika hali zote mbili anayetaka kujua nani alipita wapi hana budi kuuliza vyote viwili, mdomo na daftari.

MBAMBA BAY

Kutoka Mbinga njia inaporomoka kuelekea Ziwa Nyasa, na joto linarudi. Maji yanaonekana kwanza kama mstari wa buluu kati ya milima, kisha yanafunguka yote. Mbamba Bay imekaa katika ghuba iliyozungukwa na vilima na miamba mikubwa ya mviringo, miembe ikiwa imeinamia mchanga. Alfajiri mitumbwi inarudi na dagaa wa Nyasa, ambao hapa huitwa usipa, na wanawake huwaanika juani kwenye vichanja mpaka ufukwe mzima unameta fedha. Jioni zipo ngoma: mganda wa wanaume, ambao hatua zake zina kumbukumbu ya gwaride za kijeshi, na kioda ya akina mama, wanaocheza wamevaa sare na kupangana kwa nidhamu inayopendeza macho.

Kaskazini kidogo ipo Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake. Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Lilikuwa miongoni mwa mapambano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza. Majina hayo ya Kijerumani yamekwisha. Liuli imebaki Liuli.

Ng'ambo ya maji, anga ikiwa safi, inaonekana milima ya Malawi. Nkhata Bay iko huko, na nyuma ya Nkhata Bay, juu kwenye nyanda, ni Mzimba, nchi ya M'mbelwa. Ndugu walioachana Ufipa baada ya kifo cha Zwangendaba wanatazamana, ziwa likiwa katikati yao. Kule watawala ni akina Jere, na mitaani wapo Moyo, Soko, Nkosi na Tembo. Kule Zambia, kila Februari, watu wa Mpezeni hukusanyika Mtenguleni kwa sherehe ya Nc'wala, kutoa shukrani kwa mavuno ya kwanza. Ni Februari hiyohiyo ambayo Songea hukusanyika Mahenge kuwakumbuka walionyongwa.

Wavuvi wa Mbamba Bay wanalijua hilo kwa vitendo. Mmoja wao, Moyo kwa ukoo, alinieleza kwamba akifika ng'ambo na kutaja jina hapati shida ya pa kulala. Atapata Moyo mwenziwe, ataitwa ndugu, na bibi wa nyumba hiyo ataanza kumuuliza habari za watu ambao hakuna kati yao aliyewahi kuwaona. Pasipoti, alisema, anamwonyesha askari wa mpakani. Kwa watu anataja ukoo.

Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na nkosi wa leo hana jeshi wala kodi. Ng'ombe ambao ndio waliokuwa utajiri wa Wangoni walikwisha kwa vita na magonjwa. Ngao na mikuki imo ndani ya vioo pale makumbusho. Kinachotumika bado, kila siku, katika misiba, posa, shule na vituo vya basi, ni jina la tatu.

Wasomaji wenye asili ya Ruvuma, popote mlipo, kuna kazi ambayo makumbusho hayawezi kuwafanyia. Muulizeni babu au bibi aliye hai ukoo wenu ulianzia wapi, ulipita wapi, una mwiko gani, na uliunganikaje na koo jirani. Andikeni kwa majina ya watu na ya vijiji, pelekeni nakala Mahenge, na muwe pale tarehe 27 Februari wale 67 wanapokumbukwa.